Mtani Asiyechimba

Uchovu wa jembe huisha kwa usingizi. Uchovu wa Riziki ulikuwa wa namna nyingine: alilala nao, akaamka nao, akaketi nao kwenye chai mpaka chai ikapoa na kufunga utando juu. Mama yake, Bi. Somoe, alishaacha kumwuliza kama amelala vizuri. Siku hizi alimtazama machoni tu asubuhi, kisha akaenda zake kuchochea moto.

Jumamosi hiyo walikuwa uani kwao Magomeni, katika mji wao wa pwani ya kusini, mchana, jua limeyakalia mabati kana kwamba lina kesi nayo. Bi. Somoe alikuwa juu ya kigoda, beseni la muhogo mbele yake, akimenya na kupasua vipande vya kuanika makopa. Riziki aliketi mkekani ameegemea ukuta. Kisu alikuwa nacho mkononi, lakini muhogo aliokuwa ameushika ni uleule tangu walipoanza.

Jumatatu likizo aliyoandikiwa na daktari ilikuwa inaisha, na kiwandani walitaka jibu: anarudi, au anaacha kazi. Alishachagua. Alikuwa amechoka kiasi cha kuona kwamba kuacha kazi ni kazi ndogo kuliko kurudi. Na pamoja na kazi aliamua amwache pia Fredi wake, vyote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayehama nyumba asiyetaka kurudi tena kufuata ufagio. Lililobaki ni kumwambia tu. Simu zake hakuwa akizipokea, kwa sababu hata kusema "basi" kunahitaji nguvu.

Ndipo hodi ikapigwa mlangoni, na Riziki akaijua sauti. Kisu kikamponyoka.

Fredi Ngonyani alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke katika kiwanda cha kubangua korosho ambamo Riziki alikuwa msimamizi wa zamu. Kijana mrefu, Mkatoliki kutoka Songea, mwenye mdomo usiojua Jumapili. Yeye Mngoni, Riziki Myao. Hapo msomaji wangu ameshaelewa: walikuwa watani. Tangu wiki za mwanzo walichokozana mchana kutwa. Fredi akimwona Riziki na chakula chake huuliza kama leo Wayao wamejaliwa chumvi ya kulia ming'oko, vile viazi vya porini, na Riziki humjibu kwamba Mngoni anyamaze, babu zake walikimbia vita mpaka wakasahau ngao. Zamu nzima ilicheka, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Nani angedhani kwamba jioni, kule Shangani, mtani yuleyule alikuwa akitembea na Riziki ufukweni bila kusema neno, amemshika mkono kama aliyekabidhiwa kitu cha watu? Utani uliwafaa kuliko pazia. Bi. Somoe asingekubali mkwe Mkristo, na wao walikuwa bado wanatafuta ujasiri.

Kiwanda chenyewe kilikuwa na ugonjwa wake. Meneja wa uzalishaji, Bwana Mustafa, alikuwa na desturi aliyojivunia. Kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi walisimama ukumbini, na aliyekosea jana yake alipita mbele akavishwa aproni nyekundu iliyokuwa ikining'inia msumarini karibu na saa. Aliivaa mpaka jioni. Watu waliiita joho, na kuvishwa waliita kuhitimu. Leo unamcheka mwenzako, kesho mwenzako anakucheka, na maisha yanaendelea. Ila mashine ilipoanza kugoma, aliyeona alinyamaza. Mtu akiungua mkono kwa mafuta ya ganda la korosho, aliuficha ndani ya glavu. Msimu ulipopamba moto na zamu kurefuka, Riziki akaanza kukosa usingizi kwa kuogopa makosa ambayo hata hayajatokea. Kisha likatokea: korosho za tanuri zima ziliungua katika zamu yake, naye hakujua kwa nini.

Asubuhi iliyofuata aliitwa mbele. Joho lilipomgusa mabega, mikono yake ilianza kutetemeka. Bwana Mustafa akamtaka aeleze, naye akafungua mdomo usitoke hata upepo, machozi tu. Ukumbi mzima ukanyamaza. Katika ukimya ule, Fredi akasema kwa sauti, "Mwacheni Myao jamani, hajafiwa huyo. Amekumbuka ming'oko tu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Riziki naye akacheka, maana mtani hanuni. Akacheka, na kicheko hakikukoma. Kilimshika mbavuni, kikamkata pumzi, akaanguka sakafuni katikati ya maganda, bado anacheka, mpaka wanawake wawili wakambeba nje.

Kitu cha mwisho alichokiona kabla ya kuanguka ni meno ya Fredi.

Sasa mwenye meno yale alikuwa amesimama uani kwao, kofia mkononi, mfuko kwapani, amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mngoni."

Fredi alikubali kwamba ndiye. Bi. Somoe akamtazama kuanzia viatuni hadi nywele, kisha akamsogezea ndoo iliyogeuzwa chini juu. "Kaa. Mtani hafukuzwi, japo wengine wanastahili."

Riziki hakuinua kichwa. Alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii kitandani, mazito, ya kumkata mtu mara moja. Sasa hakuyaona hata moja. Alichokiona ni kola ya shati la Fredi, ile aliyowahi kumshonea kifungo, na kifungo bado kipo. Alijichukia kwa kukitazama.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Nimekufuata wewe."

"Mimi sipo. Aliyekuwepo mlimcheka akaisha."

Fredi akaanza kueleza, na alieleza vibaya, kama watu wote wanaoeleza kitu walichokirudia sana wakiwa peke yao. Alisema siku ile aliona watu wote wanamkodolea Riziki macho, akadhani wakicheka wataacha kumtazama. Alidhani anamfunika. Watu wangejuaje kwamba wanapendana? Angefanya nini, akamkumbatie mbele ya meneja?

"Kwetu hata msibani mtani anachekesha," alimalizia. "Nilifanya nilichofundishwa."

Bi. Somoe, ambaye habari ya kupendana alishaisikia kwa bintiye tangu alipougua, akaweka kisu chini.

"Baki hapohapo, Mngoni. Usitoke kwenye neno hilo." Alijifuta mikono kwa kanga yake taratibu. "Baba yake huyu alipofariki, watani walikuja. Mmoja, Mngoni kama wewe, alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe jogoo wa marehemu. Nilivyoletewa habari hiyo nilicheka na machozi yananitoka, na mpaka leo namwombea dua. Sasa nikuulize. Unajua kwa nini alikuwa ndani ya kaburi?"

Fredi akaizungusha kofia mikononi.

"Alikuwa amelichimba. Tangu alfajiri, yeye na wenziwe, viganja vimetoka malengelenge, kwa ajili ya mtu asiye ndugu yao. Mtani anachimba kwanza, baba, ndipo anacheka. Wewe ulicheka. Nani alichimba?"

Hakupaza sauti, na wala hakungoja jibu. Alimweleza Fredi alichokichimba yeye: uji aliomnywesha binti yake kwa kijiko kama mtoto, usiku aliokaa amemshika miguu asitetemeke, majirani waliosema amerogwa kwa ajili ya cheo na kumtajia mganga wa kumpeleka, shehe aliyemsomea, na daktari wa afya ya akili, kijana mpole, aliyewaambia kwamba akili ya Riziki haijaharibika, ila imechoka kuogopa, na kwamba mahali panapomwogopesha mtu kila siku huumiza kama vile panapomvutisha moshi. Alipomaliza aliokota kisu chake akaendelea kumenya.

Fredi aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Kuna lililo baya zaidi, mama," alisema. Kisha akamgeukia Riziki, na safari hii hakujaribu kupamba. "Kipimo cha joto cha tanuri lile kilikuwa kibovu. Kilikuwa kinadanganya. Nilijua siku mbili kabla."

Riziki aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama mtu huyu aliyempenda, polepole, kama anayesoma maandishi madogo.

"Ulijua."

"Nilidhani nitakibadilisha kimyakimya kabla hakijaleta balaa. Nilikifunga mimi mwenyewe. Ningesema, ningeulizwa nani alikifunga."

"Ungeniambia hata mimi. Jioni, Shangani, tulikuwa wawili."

"Niliogopa joho."

"Ukaniacha nilivae mimi."

Fredi hakuwa na pa kukimbilia, na hakukimbia. "Nikakuacha ulivae wewe. Halafu nikakucheka, ili mtu asiulize kipimo. Nilijiambia nakufunika wewe, Riziki, lakini nilikuwa najifunika mimi pia."

Hapo Riziki alitarajia hasira ije. Aliingoja kwa hamu hasa, maana mwenye hasira ana nguvu. Haikuja. Kilichokuja ni kitu kizito na cha kimya kilichomtelemkia mabegani, na ndani yake kulikuwa na chembe ya nafuu aliyoionea aibu: kumbe hakuwa mjinga. Wiki zote hizi alikuwa akijiuliza gizani amekosea wapi, akizipitia saa za zamu ile moja moja, akijihukumu. Hakukosea.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wote."

Akaeleza. Alhamisi, kwenye mkutano wa asubuhi, kabla meneja hajaita jina, alipita mbele mwenyewe. Alisema habari ya kipimo. Akasema habari ya kicheko. Kisha akalitungua joho msumarini akalitia mfukoni mwake, na kumwambia Bwana Mustafa kwamba halirudi pale. Siku hiyo alikuwepo afisa utumishi mpya, dada mmoja aitwaye Gladness, ambaye watu walishamwita wa kupita kama maafisa waliomtangulia. Gladness akauliza mbele ya wote kama kuna mwingine aliyewahi kuficha jambo kwa kuogopa aproni ile. Watu wakatazama glavu zao. Kisha mama mmoja wa kumenya ngozi za korosho, mtu mzima, asiye msemaji, akavua glavu akauinua mkono wake juu. Ulikuwa umebabuka mpaka kifundo. Baada yake akavua mwingine.

"Na wewe?" Riziki aliuliza.

"Bwana Mustafa ameniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Sijui kama nitaitwa. Jumatatu Gladness anakaa na watu, mmoja mmoja, mlango umefungwa."

Riziki alicheka puani, bila furaha. "Kwa hiyo umekuja kunichukua nikawe shahidi wako."

"Hapana. Kwangu wala huna deni la kusema chochote. Nimekuja uyajue kutoka kwangu kabla hujayasikia sokoni. Na nimekuletea hili, ulichane, ulichome, utakavyo."

Akainuka, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa aproni nyekundu.

Maskini Fredi, mtu wa kukosea mpaka kwenye kutubu. Rangi ile ilipomwingia Riziki machoni, vidole vilianza. Kisha mikono. Kisha pumzi ikawa fupi, ikakaa kooni isishuke, na ua likaanza kusogea mbali. Fredi aliona, akataka kuirudisha mfukoni, ikamkwama, akazidi kubabaika, akawa amesimama katikati ya ua na kitambaa chekundu mkononi hajui akifanye nini.

"Lete hapa," alisema Bi. Somoe.

Aliichukua akaigeuza mbele na nyuma, akaivuta kamba zake kama anayenunua. Huku anamwambia bintiye, bila kumtazama, kwa sauti ileile ya kila siku, "Miguu yako iko wapi, mwanangu? Iko kwenye mkeka. Usikie mkeka. Toa pumzi kwanza, uitoe yote, kuvuta kutakuja kwenyewe." Ndivyo daktari alivyowafundisha. Riziki akausikia mkeka. Ukindu ulikuwa wa moto kidogo. Akatoa pumzi, akatoa tena.

"Ni kitambaa," Bi. Somoe alisema. "Kigumu, kizuri tu. Utomvu wa muhogo hautoki kwenye shati jeupe. Mngoni, vaa."

Fredi akavaa. Mama akamkabidhi kisu cha Riziki na beseni la muhogo.

"Menya."

Akamenya. Mwanaume yule aliyekuwa hawezi kupita mbele ya mbuzi asimwachie neno la uchokozi, alimenya muhogo kimya, joho la aibu limemfika magotini, na kila kipande alichokitoa kilikuwa chembamba kuliko ganda lake. Redio ya jirani ikasoma vifo na matangazo. Kuku wakaja kuangalia maganda. Pumzi ya Riziki ikashuka taratibu mpaka mahali pake, na rangi nyekundu, kwa kuitazama ikiwa imepakwa utomvu na vumbi, ikaanza kuwa rangi tu.

Adhana ya alasiri ilipoita, Bi. Somoe aliinuka kwa kujishika kiuno. Alipofika mlangoni akageuka akasema anakwenda kusali, na kwamba mlango ataacha wazi. Fredi akaitikia kwa adabu zote.

Wakabaki wawili.

"Nimechoka, Fredi," Riziki alisema baada ya muda. "Siyo na wewe peke yako. Asubuhi nikiamka, kuvaa kanga tu naona mlima. Ukitaka mtu wa kukupenda leo, hapa hayupo."

"Pumzika."

"Na sijakusamehe."

"Najua."

"Usiwe unasema najua, najua. Unaniumiza. Ungekuja unabisha ningekufukuza, ningemaliza."

Fredi aliokota muhogo mwingine. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu. Riziki alimtazama hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, meno hayakumjia akilini. Alimjia Fredi wa Shangani, yule asiyesema neno. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa akimkosa. Kumkosa kulimuuma, akaacha kumuume, maana hata maumivu hayo yalikuwa na uhai kuliko yale mengine.

"Nikiacha kazi Jumatatu utafanyaje?" aliuliza.

"Nitakuja hapa kumenya."

"Na nikienda?"

"Nitakusindikiza mpaka getini. Ndani siruhusiwi. Nitangoja nje mpaka utoke, ukitoka ukiwa hutaki kuniona nitatembea nyuma."

Riziki akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Alikuwa ameshachagua, lakini alichagua akiwa anajua nusu tu. Alimfikiria yule mama wa kumenya, mkono wake juu, glavu imening'inia. Wamefanya kazi zamu moja misimu miwili. Alikuwa akimwona kila siku na glavu hiyo, hajawahi kumwuliza.

"Jumatatu nitakwenda," alisema. "Siyo kazini. Kwa Gladness. Nitakaa, nitasema yangu, na nikichoka katikati nitanyamaza kisha nitaendelea. Nikimaliza ndipo nitajua kama narudi. Usinisemee kitu kwa mtu yeyote."

"Sitasema."

"Na mama hakutaki."

"Ni dini. Naelewa."

"Siyo dini tu." Riziki alifumbua macho. Aliangalia beseni, vile vipande vyembamba vya kusikitisha, na lile rundo la maganda nono yaliyokuwa yakishangiliwa na kuku. Kitu kikamtekenya ndani, mahali alipodhani pamekufa, na maneno yakatoka kabla hajayafikiri. "Mngoni, wewe umemenya muhogo au umewapikia kuku?"

Fredi aliganda. Jibu lilimpanda, Riziki aliliona likipanda, shingoni, mdomoni, pembe za midomo zikaanza kucheza. Jibu zuri bila shaka, lenye ngao na ming'oko ndani yake. Aliliona likifika kwenye meno, na akamwona akilizuia hapo. Alisubiri. Kisu kiko hewani, joho kifuani, anamtazama yeye tu.

Basi Riziki akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kutu, na kilikoma pale alipotaka kikome.

"Sasa cheka na wewe," akamwambia.

Fredi akainamia beseni, mabega yakimtikisika, na kilichomtoka hakikuwa kicheko. Riziki akamwacha alie. Kisha akanyoosha mkono ambao haukutetemeka, akamnyang'anya kisu, akaanza kumwonyesha jinsi muhogo unavyomenywa.